Mwenyekiti Ndani ya Khanga

Ndugu zangu, namshukuru Mungu leo nimesimama mbele yenu nimevaa suruali. Wanaocheka huko kwenye kwaya wanajua. Wageni, subirini kidogo.

Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Igoma kwa miaka mingi. Nilikuwa mtu, jamani! Msibani napewa kiti cha mbele, harusini naletewa samaki sato mzima na kichwa chake. Nikikohoa tu, mkutano unanyamaza. Nikaamini kabisa kwamba kile kikohozi ndicho uongozi.

Ukaja uchaguzi, nikashindwa. Tena na jirani mpole ambaye hata kukohoa hajui.

Nawaambia, nilianguka. Nikajifungia ndani kwa wiki nyingi. Chakula hakipiti, usingizi hakuna, natamani hata kufa. Mke wangu akanivumilia mpaka akachoka. "Baba watoto," akasema, "umeshindwa uchaguzi, hujafa. Kama huu ni msiba, basi tuwapikie watu, wale, watawanyike."

Mchana mmoja alikuwa amefua suruali zangu zote, nami nimekaa sebuleni na khanga yake kiunoni. Maneno ya khanga ile siwezi kuyataja mbele ya mchungaji. Mara nikasikia yowe. Jiko la jirani mwingine linaungua moto, na bibi yao asiyeweza kutembea yuko chumba cha nyuma!

Nikatoka mbio. Watu wamejaa, kila mmoja anapiga kelele, wengine wanapiga picha. Ndugu zangu, siku ile sikukumbuka kukohoa. "Akina mama, mstari kutoka kisimani, pitisheni ndoo! Wewe mwenye simu, tia mfukoni, tuvunje mlango wa nyuma!" Wakafanya. Hata mwenyekiti mpya alikuwa kwenye mstari na beseni: "Sawa mzee, nimwage wapi?"

Tukaingia kwenye moshi, nikambeba bibi mgongoni. Macho yake hayaoni vizuri. Akaniuliza, "We nani?"

Nikamjibu, "Mimi jirani yako, bibi."

Sijui jibu lile lilitoka wapi. Miaka yote ningesema, "Mimi Mwenyekiti." Nilisikia kitu kizito kikishuka kifuani, nikaanza kulia. Bibi akasema, "Usilie, jirani. Shika khanga, inaanguka."

Ilikuwa imeshaanguka.

Namshukuru mke wangu, aliyenifunika kwa gunia mbele ya mtaa mzima. Namshukuru mwenyekiti wetu, aliyekuja kesho yake kuniomba tufanye kazi pamoja, na hakucheka mpaka alipofika getini. Namshukuru bibi, yu hai, na anawasimulia watu vibaya zaidi yangu.

Cheo mlinipa ninyi, mkakichukua, ni chenu. Ila ile sauti iliyopanga ndoo hakuna aliyeipigia kura. Basi wewe uliyejifungia ndani kwa sababu hawakuiti tena mheshimiwa, fungua mlango. Jirani anakuhitaji.