Binti Aliye Hewani

Kwenye basi, mpiga picha aliyekaa mbele yangu alimwonyesha mama wa pembeni yake picha za vijana wakirukaruka na mbao za magurudumu uwanjani. Mara mama akamshika mkono.

"Huyu aliye hewani ni mwanangu! Nilishamkataza tangu avunjike mkono. Nani amekupa ruhusa?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Mtoto hatoi ruhusa. Futa!"

"Nafuta. Ila mtazame kwanza anavyocheka."

Mama aliitazama ile picha, tena si kama mtu mwenye haraka ya kufuta.

"Yuko wapi sasa?"

"Nimemwacha palepale uwanjani."

Basi liliposimama, mama alishuka, akavuka barabara kurudi tulikotoka. Sijui alikwenda kumpiga makofi au kumpigia makofi.