Anagonga Mara Tatu

Benchi letu ni ubao mmoja tu juu ya matofali, nje ya kibanda changu cha kutengeneza simu, na wa kulia akiinuka ghafla, wa kushoto anajikuta chini. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne kama kawaida. Alikuwepo Breki, dereva wa malori aliyestaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Alikuwepo Kinyozi wa mlango wa pili, taulo begani, kiti chake kitupu. Alikuwepo Shangazi wa kahawa na birika lake, mwenye simu ya vitufe isiyopokea picha wala rekodi za sauti, kwa hiyo kila habari tunamsomea sisi. Na mimi, Fundi, ambaye siku hiyo, niseme ukweli, kichwa kilikuwa kimevimba. Wiki nzima kundi la simu la mtaa lilikuwa likirushiana habari za mnyama: mwili wa fisi, anagonga mlango mara tatu, anaita kwa sauti ya mtu, ukifungua umekwisha. Wengine wakasema uongo mtupu. Sasa jana alasiri, mvua ikimwagika, akagonga kwangu, nami nikamrekodi.

Kinyozi: Weka tena, Fundi.

Mimi: Umeisikia mara kumi.

Kinyozi: Weka bwana! Shangazi hajaisikia.

Nikaiweka. Kwanza mvua juu ya bati, halafu ngo, ngo, ngo, halafu ule mngurumo mzito unaovutika, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Shangazi akaliweka birika chini.

Shangazi: Mungu wangu! Anasema nini?

Breki: "Mwanangu, fungua." Hujasikia? Mwaaa-naaa-nguuu. Mwili wote umenisisimka.

Shangazi: Mbona nzito hivyo?

Mimi: Mvua ilikuwa inaifunika. Nikapunguza mvua, nikaongeza sauti, nikaivuta iende polepole ili isikike. Ndiyo kazi yangu, Shangazi. Mwingine angeirusha hivyohivyo.

Shangazi: Na ulipomsikia hukuchungulia?

Mimi: Nichungulie, na roho ninayo moja? Nilisukuma komeo, nikazima redio, nikajibana chini ya meza.

Breki: Kwangu pia aligonga. Mara tatu. Halafu akakaa kwenye ngazi, namsikia anahema.

Kinyozi: Kwangu alipapasa kioo. Nilikuwa na mteja, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Tulijifungia wote wawili hadi jioni.

Breki: Sikilizeni. Nimeendesha malori miaka thelathini, fisi nawajua. Fisi hana adabu ya kugonga. Huyu amefugwa ndani ya nyumba ya watu, akazoea milango.

Kinyozi: Kufugwa wapi! Huyo katoroka maabara. Wamempandikiza koo la binadamu.

Breki: Nani kakwambia?

Kinyozi: Mteja.

Breki: Yule wa kichwa nusu?

Kinyozi: Huyohuyo. Ana shemeji anayefagia hospitali.

Breki: Basi kama ana koo letu, ana akili zetu pia. Namba za nyumba anazisoma! Ndiyo maana alianza kwangu, namba moja.

Kinyozi: Na wala si mmoja. Mmoja anagonga mbele, mwenzake anasubiri nyuma.

Breki: Wawili? Ukoo mzima huo! Tena haki ya nani, simu wanazo. Wanasoma kundi letu, wanajua nani yuko nyumbani. Kesho watashika simu ya mmoja wetu waandike, "Tokeni, hakuna hatari."

Kinyozi: Hiyo nimeshaituma.

Breki: Umetuma nini?

Kinyozi: Hiyo ya simu. Watu wajihadhari.

Tulicheka, hata Breki mwenyewe. Shangazi hakucheka. Alikuwa anafuta vikombe, kimoja baada ya kingine.

Shangazi: Fundi, bomba la pale kona limepasuka wiki ya pili. Si uliandika kwenye kundi? Wangapi walijibu?

Mimi: Mmoja. Alituma kidole gumba.

Shangazi: Na huyu mnyama wako?

Mimi: Amefika mitaa ambayo mimi sijawahi kukanyaga.

Shangazi: Kwa nini lakini?

Breki akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Aliyejibu ni Kinyozi, akiwa anaangalia taulo lake.

Kinyozi: Nina dada yangu. Tuligombana. Mwaka mzima namwandikia "hujambo", hajibu. Jana nimemrushia mnyama, hata dakika haikupita: "Kaka, uko salama? Watoto wako ndani?" Nimeusoma huo ujumbe sijui mara ngapi.

Breki: Wanangu wote watatu walinipigia jana. Siku moja, wote! "Baba, usitoke." Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza natoka au naingia.

Hata mimi nilikuwa na langu. Miaka yote napita hapa mtaani naitikiwa kwa kidevu, lakini asubuhi hiyo watu walivuka barabara kuja kuniuliza, "Fundi, kumbe ni wewe?" Nilifurahi, siwezi kuficha.

Breki: Ila leo mwisho. Nimeweka nondo nyuma ya mlango. Akigonga, namfungulia mwenyewe. Na wale wa ng'ambo ya barabara wana mapanga, wamejipanga tangu alfajiri.

Shangazi: Na kama ni mtu?

Breki: Mtu gani huyo anagonga kila nyumba, Shangazi?

Ndipo akatokea dada mmoja tusiyemjua, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, ndala moja nyekundu na nyingine ya buluu, jasho linamtoka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Breki.

— Samahanini. Mimi mshonaji, tumehamia wiki iliyopita, chumba cha nyuma ya stoo ya mbao. Namtafuta mama yangu. Ni mzee, anasahau. Kila mlango anadhani wa kwetu. Nilikuwa nampima mteja, nageuka hivi, hayupo.

Yule dada akavuta pumzi, akaendelea.

— Jana pia alitoroka, mvua ile. Alirudi jioni amelowa, lakini ananiambia alipita kwa wanawe wote. Kwake yeye kila mtu mwanawe. Nikasema nianzie kwa aliyemkaribisha, huenda leo karudi hukohuko, na mimi nimshukuru. Ni nani alimfungulia jana?

Breki akaangalia viatu vyake. Kinyozi akalitoa taulo begani, akalikunja, akalikunjua. Shangazi alitaka kummiminia yule dada kahawa, akainamisha birika, yakatoka machicha tu.

— Au hakupita huku? dada akauliza.

Nikaitoa simu. Ile rekodi ya kwanza, kabla sijaigusa, nilikuwa nayo bado. Nikaibonyeza. Mvua, ngo, ngo, ngo, na ndani ya mvua kasauti kembamba ka bibi, kanatetemeka: "Mwanangu, fungua. Ni mimi."

— Ndiye! Dada akanishika mkono. Ndiye mama! Kumbe ulikuwa naye?

Nilitamani ardhi ipasuke.

— Sikumfungulia, dada yangu. Nilimrekodi.

Alinitazama, hakunielewa, na sikuwa na nafasi ya kumwelewesha. Nikaandika kwenye kundi, vidole vinakosea herufi: "Jamani hakuna mnyama. Ni mama mzee kapotea. Akigonga mfungulieni. Wekeni mapanga chini." Majibu yakaanza kuingia hata sijavuta pumzi. "Msidanganyike!" "Wameshika simu ya Fundi!" "Ndiyo hii Kinyozi aliyotuonya!" Kinyozi akaandika lake, naye akaambiwa simu yake imeshikwa pia.

— Miguu, Shangazi akasema. Tumieni miguu.

Breki akainuka bila kumwonya mtu, ubao ukapinduka, Kinyozi chini, hakuna aliyecheka. Breki akavuka barabara kuelekea kwa wale wenye mapanga, anakimbia kwa magoti yake mabovu, mikono juu. Shangazi akamshika dada mkono, wakashika njia ya stoo. Kinyozi akaenda chini ya mtaa, mimi juu, nyumba kwa nyumba.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa bati, wa buluu. Ndani redio ilikuwa inaongea. Niligonga, na mkono wenyewe ukagonga mara tatu.

Redio ikazimwa.

— Mama, mtoto akanong'ona, ndiyo hiyo.

Nikasikia komeo likisukumwa, kisha chuma kikikokotwa juu ya sakafu. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Sauti haikutoka vizuri, nilikuwa nahema.

— Mwanangu, fungua, nikasema. Ni mimi.

Hakuna aliyefungua.