Raha ya Kambini

Scovia alipanda tuktuk sokoni Migori akitafuta kimya, akakuta mama na mzee wanabishana kama waliooana, kumbe hata hawajuani.

"Kusema ukweli, nilikuwa na raha zaidi kule kambini kwa wakimbizi," mama alisema.

"Mama! Vita vya kura vilikuchomea nyumba, unaita hiyo raha? Mimi nilizika ndugu yangu!"

"Pole, mzee. Lakini Mkisii, Mjaluo, wote tulipika kwa sufuria moja. Sasa niko na nyumba ya matofali na geti, na hakuna mtu ananiuliza kama nimekula."

"Kwa hivyo tuchomane tena ndio ufurahi?"

"Nani amesema hivyo?"

Walimchosha Scovia, wote wawili. Tuktuk iliposimama, mama alianza kuburuta gunia lake la dagaa wa omena peke yake. Mzee akageukia simu. Scovia akakunja miguu ampishe mama.