Gari la Fundi Bati Lililobonyea Pua

Ndugu waombolezaji, historia hii marehemu alinisimulia mwenyewe niiandike, na mimi bintiye wa kwanza alinikataza kupunguza hata neno moja, nimeongeza siku ya kufa kwake tu, kwa hiyo mnisamehe, hasa wewe baba mkubwa uliyekaa hapo mbele.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Bati, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili na wa mwisho, akaanza shule mwaka 1965, na akiwa darasa la tatu alitengeneza gari la kuchezea kwa debe la mafuta, urefu sentimita thelathini, lenye usukani uliogeuza magurudumu kweli. Tarehe 2 Septemba 1967 kaka yake, mwenye miaka kumi na tano na akili zake timamu, alilikanyaga makusudi mbele ya watoto wa mtaa mzima, pua ikabonyea upande wa kushoto, akacheka, akaenda zake kula, na hadi leo hajasema samahani.

Mwaka 1976 marehemu aliajiriwa kwenye karakana ya kuunda bodi za mabasi, akachomelea vyuma miaka thelathini na mitatu, akafunga ndoa na mama yetu tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1998 alilitoa lile gari kabatini, akalipima kwa rula, akazidisha kila kipimo mara kumi, na kwa miaka kumi na mmoja, uani kwetu, pale mama alipozoea kuanika nguo, akaunda gari zima la injini, taa na honi, lililotoka getini likiunguruma tarehe 9 Agosti 2009.

Siku moja kabla ya hapo alichukua nyundo, akaibonyeza pua upande wa kushoto, boneti mpya kabisa, mama akabaki ameshika kichwa. Kila aliyemuuliza kagonga wapi alijibiwa kwamba ajali ilitokea mwaka 1967, na mhusika yupo, anakaa nyumba ya tatu kutoka kona. Lilibeba wagonjwa, maharusi, hata mbuzi wa muuza duka, ila kaka yake hakulipanda kamwe, na siku ya mvua aliyosimama kituoni alipigiwa honi akaachwa palepale. Kaka alilalamika kwamba mtu mzima hawezi kununa miaka yote hiyo kwa ajili ya kibati. Marehemu aliweza.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba mwaka jana, kwa sababu ya moshi wa kazi, akalazwa mara mbili, akafariki Jumanne, tarehe 20 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Anawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake watakaobeba jeneza. Kaka yake hamshukuru.

Ameagiza apelekwe makaburini kwa gari lake, mimi nikiendesha, kiti cha pembeni kikae wazi, kaka yake atembee kilomita zote mbili, na jeneza lisishushwe mpaka yeye awe amefika.

Baba, utapumzika kwa amani, lakini kwanza tunamsubiri kaka yako.