Vumbi Ndani ya Paipu

Bwana asifiwe, akina mama. Mwenyekiti ameniomba niongee polepole, nisikasirike. Nitajaribu, lakini siahidi.

Wengi wenu mnaijua pikapu yangu, ile yenye paipu imepanda kutoka boneti mpaka juu ya paa. Watoto wa Kisian wanaiita Pua. Leo niwaambie hiyo pua ilitoka wapi. Majina sitataja. Wenyewe wakisikia watajijua.

Mume wangu alifariki miaka ya themanini ikielekea kwisha, akaniachia watoto na hiyo pikapu. Kuiendesha alinifundisha yeye mwenyewe. Nikawa nabeba samaki kutoka ziwani, napita ile barabara ya vumbi mpaka Kisian, halafu napanda mlima wa Maseno kwenda kuuza soko la Luanda. Shemeji yangu mmoja hakupenda. Alitaka kunirithi kimila niwe mke wake, na tuseme ukweli, alichotaka kurithi ni gari. Nikamwambia, "Bwana, watoto wa ndugu yako wanakula kwa hii gari. Niache."

Sasa, ule mlima. Pikapu ikijaa samaki na barafu ilikuwa inapanda kwa maombi. Nikaenda kwa fundi mmoja pale Kisumu, fundi wa kusifiwa. Akafungua boneti, akacheka. "Mama, hii gari inapumua ikiwa imefungwa kitambaa puani. Toa hii boksi ya filta, nikuwekee paipu fupi, pana, ivute hewa yote. Utaona nguvu." Mdomoni mwa paipu akaweka wavu wa waya, basi.

Na nguvu niliiona, nisidanganye. Gari ilinguruma, mlima ikaumeza, nikawa napita malori nikicheka peke yangu. Lakini mvua zilipokwisha na vumbi likaanza, ikatoa moshi wa buluu. Ikaanza kunywa oili. Siku moja mchana, katikati ya mlima, ikanyamaza kabisa. Samaki wakaharibika nikiwaangalia.

Nikamwita fundi aje. Shemeji naye akafika, hakuitwa na mtu. Ndugu zangu, nawaambia, yule fundi aliiangalia paipu yake mwenyewe, akaangalia pembeni, kisha akamwambia shemeji, si mimi mwenye gari, shemeji: "Hii si ya spana. Hii ni ya nyumbani."

Mnajua maana yake. Chira. Yaani mjane amekataa mila, laana imeingia kwenye injini. Mtu anaficha kazi yake mbovu nyuma ya kaburi la mume wangu. Mpaka leo nikikumbuka, kifua kinachemka. Mwenyekiti, nimesema siahidi.

Gari ikavutwa mpaka nyumbani, na shemeji akaitisha kikao cha ukoo. Neno lilikuwa moja: nirithiwe, gari iende kwake, la sivyo laana itatoka kwenye injini iingie kwa watoto. Watu wazima, wengine wanashika Biblia kila Jumapili, walikaa wakanitishia na watoto wangu. Nilikuwa nimechoka. Ile asubuhi ya kikao nilikuwa karibu kukubali.

Nikaenda kwenye gari kutoa vitu vyangu. Nikafungua boneti, hata sijui nilitafuta nini, nikang'oa ule wavu, nikapitisha mkono ndani ya ile paipu. Mkono ukatoka mwekundu. Vumbi laini kama unga, limeshika mpaka mdomo wa injini. Sasa mimi ni mama wa jikoni. Chekecheo ikiwa na matundu makubwa, sihitaji kuambiwa itapitisha nini. Nikaing'oa ile paipu, nikaingia nayo kikaoni.

"Bwana, weka kidole humu ndani."

Shemeji akakataa. Mama mkwe wangu, ambaye kikao chote hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Weka."

Akaweka. Kikatoka chekundu. Nikamuuliza, "Hii chira imepata wapi rangi ya barabara yetu?"

Mama mkwe akasimama. "Hata mimi nikimeza hilo vumbi kila siku nitakohoa mpaka nife, na mila sijavunja. Gari ni ya huyu. Kurithiwa, ameshasema hataki." Akachukua fimbo yake, akatoka, na kikao kikaishia hapo.

Akina mama, injini ilifunguliwa yote, ringi na pistoni zikabadilishwa. Miezi hiyo nyinyi mlibeba samaki wangu pamoja na wenu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya laana. Asanteni. Filta ikarudi kwenye boksi yake, na mchomeleaji wa Otonglo akanitengenezea hiyo pua, ivute hewa baridi ya juu, mbali na vumbi la magurudumu. Mlima tunapanda vizuri kuliko zamani.

Ninalowaomba ni hili: ukiambiwa ni chira, fungua boneti kwanza.

Mama mkwe tulimzika mwaka jana. Alikuwa ameacha neno kwamba asibebwe na gari ingine. Nikamtoa mochari Kisumu mimi mwenyewe, jeneza nyuma, shemeji amekaa kando yake. Hakutaja laana. Tulipoacha lami nikamwangalia kwenye kioo. Alikuwa ametoa kitambaa mfukoni, amejifunga puani.