Kishoka cha Benigna na Mlingoti wa Saimon

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio shambani na mlio safarini, nawasalimu kwa heshima. Walionizidi umri, shikamooni. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake ni Benigna Hyera. Alikuwa mkulima, alikuwa mjane, na alikuwa mama wa watoto wawili. Alizikwa mwezi uliopita katika kitongoji cha Lihimba, kando ya barabara inayotoka Songea mjini kwenda Peramiho.

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari zake. Mmesikia kwamba bibi mmoja wa Lihimba aliangusha mti mkubwa kwa kishoka. Habari hiyo ni ya kweli. Nasema kishoka, wala si shoka. Kilikuwa kile kile alichochanjia kuni za jikoni, chenye mpini usiozidi urefu wa mkono wake kutoka kiwikoni hadi kwenye ncha za vidole. Lakini nimesikia habari hiyo ikisimuliwa kwa kicheko, vibarazani na sokoni, kana kwamba ni mchezo wa sarakasi. Basi nilikwenda Lihimba. Nilizungumza na watoto wake, nikazungumza na jirani yake. Habari nzima haichekeshi. Tafadhali isikilizeni hadi mwisho.

Benigna alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Alisoma kwa masista, akamaliza darasa la saba. Huko alifundishwa kushona, alifundishwa kusoma kwa sauti, na alifundishwa kwamba kazi iliyoanzwa sharti imalizwe. Kwa miaka mingi alisoma somo la kwanza kanisani siku za Jumapili. Wanajumuiya wenzake wanasema kwamba Benigna alipokuwa akisoma, hata wale waliosimama nje karibu na baiskeli zao walisikia kila neno.

Aliolewa na Kajetani, fundi mwashi. Wawili hao walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Nyuma ya nyumba Kajetani akapanda mstari wa milingoti ili kukinga upepo. Mlingoti ndio mti ule ambao watu wa mikoa mingine huuita mkaratusi. Miti hiyo ilikatwa mmoja baada ya mwingine. Mingine ilitengenezewa kenchi za nyumba, mingine ikawa nguzo za zizi. Mmoja ukaachwa.

Uliachwa kwa makusudi. Siku mtoto wao wa kwanza, Saimon, alipobatizwa, Kajetani aliweka kiganja chake juu ya mti huo mbele ya wageni wote. Akasema, "Huu asiuguse mtu. Huu ataukata Saimon siku atakapojenga nyumba yake hapa nyumbani." Wageni wakapiga makofi. Tangu siku hiyo mti ule haukuitwa mlingoti wa Kajetani. Uliitwa mlingoti wa Saimon.

Saimon alikua, akawa fundi magari mjini Songea. Akajenga nyumba yake huko huko mjini. Kujenga mjini si kosa, wasikilizaji wapendwa. Lakini mti wake ulibaki Lihimba, ukinenepa mwaka hadi mwaka, mpaka watu wazima wawili walioukumbatia kutoka pande mbili hawakuweza kushikana vidole. Kajetani akafariki dunia. Benigna akabaki na nyumba, na mti nyuma ya nyumba.

Katika mvua za mwaka jana upepo mkali uliutikisa mti huo. Ardhi ikapasuka upande mmoja, mizizi ikaonekana. Mti ukaanza kuegemea chumba alicholala Benigna. Mama huyu akampigia simu mwanawe. Saimon mwenyewe alinisimulia mazungumzo yao, neno kwa neno.

"Mama, usihangaike nao. Nitakuja na msumeno wa mashine. Ni kazi ya asubuhi moja tu."

"Lini?"

"Jumamosi, mama."

"Jumamosi ipi? Maana zipo nyingi."

Saimon alicheka. Jumamosi ile lililetwa gari lililoharibika, na mwenye gari alikuwa na safari ya Mbinga. Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi. Mvua zikaisha. Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja, baada ya kunywa chai, Benigna alikinoa kishoka chake kwenye kinoo, akaenda nyuma ya nyumba, akaupiga mti pigo la kwanza.

Hapa ni lazima niwaeleze desturi ya Lihimba, maana bila desturi hiyo hamtaelewa kwa nini majirani walisimama wakitazama. Huko, mtu aliyeupiga mti pigo la kwanza ndiye mwenye kuuangusha. Hakuna mwingine awezaye kutia shoka katika jeraha lile mpaka yeye mwenyewe amkabidhi shoka lake, mpini ukitangulia. Na mti ukiwa wa mjane, desturi hukaza zaidi. Mwanamume anayepokea shoka la mjane huhesabiwa kuwa amekuja kuushika mji wake, yaani kuwa mume wake. Mtu pekee awezaye kulipokea bila maneno ya watu ni mtoto wake. Huja, hunyoosha mikono miwili, na kusema, "Mama, naomba shoka." Basi. Baada ya hapo hata kitongoji kizima kinaweza kusaidia.

Benigna aliijua desturi hiyo. Majirani waliijua. Saimon aliijua pia.

Jirani wa karibu kabisa ni Mzee Thadei, aliyekuwa rafiki wa marehemu Kajetani. Alikuwa akimwita Benigna shemeji, na utani wao ulijulikana kote. Kila asubuhi Thadei alikuja hadi kwenye mpaka wa shamba, akaegemea jembe lake, asivuke.

"Shemeji, unaukata au unaukwangua?"

"Ukiona ninaukwangua, niletee wembe."

"Haki ya Mungu, mti huu utazeeka kabla haujaanguka."

"Hata wewe umezeeka na hujaanguka. Nenda kalime, shemeji, jembe linakuonea haya."

Watu walicheka. Lakini Thadei aliniambia kwamba katikati ya utani ule aliona jambo ambalo hakulielewa. Benigna alianza vizuri. Alifungua mdomo wa mti upande wa shambani, mahali alipotaka uangukie. Alikata kwa mshazari kutoka juu, kisha akakata kutoka chini, vibanzi vikaruka. Alijua kazi, maana alikuwa amemtazama mumewe miaka mingi. Lakini kila siku aliacha mapema. Aliacha wakati pumzi ingali ipo. Alikusanya vibanzi katika ungo, akafuta kishoka kwa khanga, akakaa kwenye kigoda akitazama upande wa barabara.

"Nilidhani nguvu zimekwisha," alisema Thadei. "Nilisema moyoni, masikini, shemeji amezeeka."

Binti wa Benigna anaitwa Suzana. Ameolewa Tunduru, na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Alipopata habari alipiga simu.

"Mama, nije mimi niombe shoka?"

"Usafiri njia yote hiyo na kichanga mgongoni? Tena mti si wako."

"Basi nimwambie kaka?"

"Kaka yako ana masikio. Mwache."

Suzana hakumwacha. Alimpigia kaka yake siku hiyo hiyo. Alimwambia, "Kaka, mama anakata mti wako." Saimon akajibu, "Atachoka ataacha. Nakuja na mashine." Wasikilizaji wapendwa, Saimon hakuwa mtoto mbaya. Alimpelekea mama yake sukari, alimpelekea dawa, alimpelekea betri za redio. Alichotaka mama yake hakikuweza kutumwa na mtu.

Kiangazi kikapita namna hiyo. Jeraha la mti likaongezeka upana wa kiganja, kisha kingine, kisha kingine tena. Mara Saimon alipiga simu kusema kwamba mashine imeazimwa na mtu, mara kwamba imepatikana lakini haina mnyororo. Benigna alimsikiliza. Hakumkemea. Alimwambia maneno haya tu: "Iambie na mvua, basi, isubiri mnyororo."

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakakusanyika upande wa milima ya Matengo. Ukavuma upepo wa kwanza. Mti ukalia. Wanaojua miti wanaujua mlio huo. Ni mlio mkavu, unaotoka ndani, kama mlango mzito unaosukumwa. Mti ulikuwa umekatwa nusu na zaidi, na ulikuwa bado umeegemea nyumba. Sasa haikuwezekana tena kuuacha, na haikuwezekana tena kungoja.

Thadei alikuja mbio mpaka mpakani, akasimama. Watu wengine wakaja, wakasimama nyuma yake. Benigna alikuwa amekwisha kuzunguka upande wa nyuma wa mti, kishoka mkononi. Wote wakamtazama. Hakuna aliyevuka. Ndipo Thadei akapaza sauti kama mtu aliyezinduka usingizini.

"Jamani! Desturi inasema shoka. Kamba je? Nani amewahi kusikia desturi ya kamba?"

Hapakuwa na aliyewahi kusikia. Basi wakavuka. Wakarusha jiwe lililofungwa uzi juu ya tawi nene, wakapandisha kamba ya ng'ombe, wakaungana kuivuta kuelekea shambani. Benigna akakata upande wa nyuma. Safari hii hakukata kidogo kidogo. Alikata kama mtu aliyekuwa ameziweka akiba nguvu zake zote. Thadei aliniambia, "Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amechoka hata kidogo. Nikajiuliza, sasa miezi yote hii alikuwa akifanya nini?"

Mti uliyumba, ukasita, ukazunguka kidogo juu ya ubavu uliosalia, kisha ukalala shambani. Haukugusa nyumba. Haukugusa hata kamba ya kuanikia nguo. Wanawake wakapiga vigelegele. Thadei akasema, "Shemeji, naomba radhi kwa habari ya kukwangua." Benigna akatabasamu, lakini vigelegele hakuitikia.

Saimon alifika alasiri ya siku hiyo hiyo. Alifika kwa gari, na msumeno wa mashine ulikuwa nyuma, una mnyororo mpya. Alimkuta mama yake ameketi juu ya gogo. Wazee walimpokea, akawaamkia. Halafu akauona unene wa mti, na akakiona kishoka. Uso ukambadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, kwa nini? Kwa nini hukunisubiri?"

Suzana hakuwepo, lakini Thadei alikuwepo, na maneno yaliyofuata aliyasikia kwa masikio yake. Benigna hakuinua sauti. Alisema:

"Nilikusubiri, mwanangu. Ulidhani mti huu ulihitaji kiangazi kizima? Nilikuwa nakata kidogo kidogo ili ukija ukute bado upo."

Saimon akanyoosha mikono yote miwili, kama desturi inavyotaka, akasema, "Mama, naomba shoka." Benigna akampa, mpini ukitangulia, maana alikuwa mtoto wake. Saimon alikata matawi mpaka giza likaingia. Mashine hakuiwasha. Lakini kila mtu aliyekuwepo alifahamu kwamba alichopewa ni matawi tu.

Baada ya siku hiyo Saimon alianza kuja nyumbani. Alikuja kwa bidii. Walipasua kuni pamoja, walipanda mahindi pamoja. Mahindi yalipofika kiunoni Benigna alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa, akahudumiwa vizuri, akafariki dunia mwanawe akiwa ameketi kando ya kitanda. Naomba nieleweke hapa. Sisemi kwamba mti ulimwua. Hakuna daktari aliyesema hivyo, na yeyote anayesema hivyo vibarazani anyamaze. Kinachosikitisha si namna alivyofariki. Kinachosikitisha ni kiangazi kile.

Wala simhukumu Saimon. Nilipomuuliza kama habari hii isimuliwe, alisema, "Isimulie yote, bibi. Usipunguze. Mimi nilikuwa na mama anayenisubiri kwa kishoka, nikadhani anahitaji mashine." Mzee Thadei naye alisema jambo lake. Alisema, "Kamba ilikuwa nyumbani kwangu siku zote. Na simu ninayo. Ningeweza kumpigia Saimon nimwambie, njoo, mama yako kila siku anaitazama barabara. Lakini mimi nilikuwa nafanya utani."

Kwa niaba ya wote wanaotusikiliza, natoa pole kwa Saimon, kwa Suzana na mumewe huko Tunduru, kwa wajukuu, kwa Mzee Thadei, na kwa jumuiya yote ya Lihimba. Mwenyezi Mungu ampumzishe Benigna Hyera mahali pema, na awape waliobaki faraja ambayo sisi hatuwezi kuwapa kwa maneno.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Wazazi wetu wengi hawaombi. Walilelewa hivyo, na hawatabadilika sasa kwa ajili yetu. Ukimwona mzee anafanya polepole kazi aliyokuwa akiimaliza upesi, usikimbilie kusema amechoka. Keti karibu naye. Muulize anamngoja nani. Na kama anayengojwa ni wewe, zima redio sasa hivi, uende.