Kibao cha Choo

Basi la kwenda viwandani Maseru lilikuwa limetulia, ila yule binti aliyekaa mbele yangu hakutulia hata kidogo. Alikuwa na kibao cha mbao chenye kamba; anakivaa shingoni, anakivua, anakivaa tena.

"Nini hicho, mwanangu?" akauliza mzee mwenye blanketi aliyekaa naye.

"Kibao cha choo, baba. Washonaji arobaini, kibao kimoja. Asiyekiomba kwa msimamizi haendi. Kuanzia leo msimamizi ni mimi."

"Basi kivae! Nimekuwa mnyapara mgodini miaka kumi na tisa. Watu wasipokuogopa hawafanyi kazi."

"Nataka nikitundike msumarini, kila mtu ajichukulie."

Mzee akacheka. "Watahamia chooni na masufuria yao!"

"Aliyenitangulia alikivaa, tukamshonea mifuko juu chini. Suruali mia mbili! Ndiyo maana kaondolewa." Akapunguza sauti. "Na mimi nimepewa mpaka Ijumaa. Idadi ya suruali isipofika, narudi kwenye cherehani."

"Umeona? Vaa!"

"Baba, ulipowapa mgongo kule mgodini, walichimba?"

Mzee akakohoa. Kikohozi cha mgodini nakijua, nilimuuguza marehemu mume wangu aliyekuwa nacho. Hicho hakikuwa chenyewe.

"Walikaa," akasema. "Ila mimi nilikuwa sigeuki ovyo."

Basi likasimama langoni mwa kiwanda. Washonaji wenzake walikuwa pale wakicheka. Walipomwona anashuka, wakanyamaza wote. Kibao kilikuwa bado mkononi mwake.